Kwa Nini Daktari Huuliza Ulikula Nini

Mara nyingi mtu akiugua sana, na jamaa zake wakamchukua mpaka hospitali, iwe ni hospitali kubwa ya Embu au ya Meru, au mojawapo ya zile zilizoanzishwa na wamisheni kama Chogoria, Nkubu na Maua, hutazamia kwamba atapigwa sindano na kupewa dawa papo hapo. Lakini jambo la kwanza analolikuta ni maswali. Umri wako ni miaka mingapi? Ulianza kuumwa siku gani? Kilichotangulia ni nini, homa au maumivu? Umekula nini siku hizi? Ni nani mwingine nyumbani aliye mgonjwa? Wazee wengine huudhika, wakasema kwamba wamekuja kutibiwa, hawakuja kusimama mbele ya hakimu. Vijana nao hujibu kwa neno moja moja ili jambo liishe upesi.

Twataka leo kueleza sababu ya maswali hayo, na tutatumia mfano wa ugonjwa uliotokea karibu nasi, ng'ambo ya Mto Tana, ambao ulitambulikana kwa sababu watu waliulizwa na wakajibu.

Yafaa kwanza tujue tofauti iliyopo kati ya jeraha na ugonjwa wa ndani. Mtu aliyejikata kwa panga huonekana wazi alipoumia, na daktari hahitaji hadithi ndefu. Lakini ini, figo, moyo na mapafu zimefichwa mwilini, wala haziwezi kusema. Zikiharibika hutoa dalili chache tu, na dalili moja huweza kuletwa na magonjwa mengi. Kwa hiyo daktari wa magonjwa ya ndani hufanya kazi kama mtu afuataye nyayo za ng'ombe aliyepotea: hutazama alama moja, akatafuta ya pili, na kila alama humwambia aelekee wapi. Maelezo ya mgonjwa ndiyo nyayo za kwanza. Baada ya hayo hutazama macho, ulimi na kucha, husikiliza kifua, hubonyeza tumbo chini ya mbavu za upande wa kuume mahali lilipo ini, kisha hupeleka damu na mkojo kupimwa. Yote huandikwa katika faili ya mgonjwa kwa utaratibu ule ule: aliyoyasema, yaliyoonekana, yaliyopimwa, yaliyodhaniwa, dawa alizopewa, na jinsi alivyoendelea siku kwa siku.

Watu wengine hudhani kwamba maandishi hayo ni ya kupoteza wakati wa muuguzi. Sivyo. Daktari wa zamu ya usiku hakumwona mgonjwa mchana. Asipokuta maandishi, hana namna ya kujua kama mtu huyu aliyelala kimya amepata nafuu au amezidiwa. Tena, kama tutakavyoona, mafaili 20 yakisomwa pamoja yaweza kusema neno ambalo faili moja haliwezi kulisema.

Hapa naomba ruhusa niseme jambo la kazi yangu mwenyewe, nami ni mfasiri. Katika nchi yetu mgonjwa huweza kusema Kimeru, Kitharaka, Kiembu au Kimbeere, na daktari asiijue lugha hiyo. Basi maneno hupita kinywani mwa mtu wa tatu. Zamani niliwahi kuombwa kumfasiria bibi mmoja mzee kitandani. Alieleza maumivu yake, akasema na habari za kuku zake waliokufa wiki ile, na za mkwe wake, na za mvua. Mimi nikamwambia daktari, "Asema tumbo lamwuma tangu Jumatatu." Habari za kuku niliziacha, nikiona ni porojo za uzee. Huenda kuku wale walikufa kwa kideri tu, kama kuku wengi wafavyo. Lakini haikuwa kazi yangu kuchagua, nami tangu hapo sijafupisha maneno ya mgonjwa. Msomaji ataona baadaye kwa nini kuku wale hunijia moyoni.

Sasa tuje kwenye habari yenyewe. Katika mwaka 1981, kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwezi wa Juni, wagonjwa 20 walilazwa katika mahospitali ya wilaya ya Machakos, watoto na watu wazima. Maelezo yao yalifanana. Walianza kwa kuhisi unyonge na kukosa hamu ya chakula; tumbo likawasumbua; wakapata homa ndogo isiyo ya kutisha. Baada ya siku kadhaa macho yao yaligeuka manjano na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Wengine walivimba tumbo na miguu. Katika hao 20, watu 12 walikufa, wengi wao upesi baada ya kufikishwa hospitali.

Macho ya manjano si ugonjwa wenyewe, bali ni alama. Damu ya mtu huchakaa kila siku na kufanywa upya, na ile iliyochakaa huacha rangi ya manjano ambayo ini huichukua na kuitoa pamoja na nyongo. Ini likishindwa na kazi hiyo, rangi hubaki mwilini, ikaonekana kwanza katika weupe wa macho. Lakini ini huweza kushindwa kwa sababu nyingi. Malaria kali huleta manjano. Kuna virusi vya homa ya ini vipitavyo katika maji machafu, na vingine vipitavyo katika damu na katika kujamiiana. Pombe kali huliharibu ini. Hata dawa za kifua kikuu, ambazo ni dawa njema na za lazima, huweza kulichoma ini la watu wachache, ndiyo maana mgonjwa wa kifua kikuu huambiwa arudi upesi aonapo macho yamebadilika. Homa ya manjano yenyewe ilizuka katika bonde la Kerio mwaka 1992 na 1993. Basi daktari aliyeona manjano kule Machakos alikuwa na njia nyingi mbele yake, na ya kwanza ya kudhaniwa ilikuwa virusi, kwa maana wagonjwa walitoka katika nyumba zile zile, kama inavyokuwa ugonjwa wa kuambukiza ukiingia bomani.

Kilichogeuza mawazo ni majibu ya maswali. Mwaka ule kulikuwa na ukame, kisha mvua ikanyesha wakati mahindi yanaanikwa. Watu walikuwa wakila mahindi yaliyoingia ukungu, kwa sababu hawakuwa na mengine. Tena ikasikika kwamba kabla ya watu kuugua, njiwa wa mahali pale walikuwa wamekufa, na baada yao mbwa. Hapo ndipo akili inaposimama. Virusi viletavyo homa ya ini kwa wanadamu haviui njiwa na mbwa. Njiwa, mbwa na mtu hawalali pamoja wala hawanywi kikombe kimoja. Kitu kimoja tu ndicho walichoshiriki, nacho ni chakula. Njiwa huokota punje uwanjani, mbwa hupewa makombo ya ugali, na mtu hula sufuriani.

Mahindi ya nyumba zile yakapelekwa kupimwa. Ikaonekana yana sumu iitwayo aflatoksini, ambayo siku hizi kwa Kiswahili twaiita sumukuvu, yaani sumu itokayo katika kuvu. Nyumba moja iliyopatwa na ugonjwa ilikuwa na mahindi yenye sehemu 12,000 za sumu katika kila sehemu bilioni moja. Maini ya waliokufa nayo yalikutwa na sumu hiyo. Habari ya wagonjwa hao 20 ilichapishwa mwaka 1982 katika jarida la utabibu la Lancet, ambalo husomwa na madaktari wa dunia nzima.

Hesabu hizi za bilioni humchanganya mtu, nami nilipozisoma mara ya kwanza sikuzielewa. Tuzipime kwa gunia. Mwaka 2004 kiwango kilichoruhusiwa katika Kenya kilikuwa sehemu 20 katika bilioni, na baadaye kilipunguzwa kuwa 10. Gunia la kilo 90 lenye sehemu 20 lina sumu ipatayo miligramu 2 hivi, kitu kisichoonekana kwa macho. Gunia lenye sehemu 12,000 lina gramu moja tu, sawa na chumvi ya kubana kwa ncha za vidole, imetawanyika katika gunia zima. Kiasi hicho kidogo ndicho kilichoweza kumaliza nyumba. Wala hakina ladha ya kumwonya mlaji.

Sumu hii ilikuwa imejulikana kwa miaka 20 kabla ya hapo, na ilijulikana kwanza kwa wanyama. Katika mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika Uingereza, na watu hawakujua sababu yake. Ilipotafutwa, ikagunduliwa kwamba walilishwa karanga zilizosagwa zenye ukungu kutoka Brazil. Wakati ule ule vifaranga vya bata vilikuwa vikifa huku kwetu, katika Kenya na Uganda, kwa chakula cha karanga. Wataalamu wakaupata ukungu wenyewe, uitwao Aspagilasi flavasi, na jina la aflatoksini limetungwa kutokana na jina hilo. Kisha mwaka 1974, katika majimbo ya Rajasthan na Gujarat ya Uhindi, watu 397 waliugua manjano katika vijiji vilivyokula mahindi yaliyonyeshewa, na 106 wakafa. Huko pia mbwa waliugua pamoja na mabwana zao. Kwa hiyo daktari aliyesikia habari za njiwa wa Machakos, kama alikuwa amesoma maandishi ya madaktari wa Uhindi, alikuwa na sababu ya kushtuka. Ndiyo faida ya kuandika habari za wagonjwa na kuzichapisha: maumivu ya mkulima wa Gujarat humfumbua macho tabibu wa Ukambani asiyewahi kumwona.

Msomaji atauliza, na ni haki yake, kama ugonjwa ulitambulikana mwaka 1981, kwa nini ulirudi? Maana ulirudi kwa nguvu zaidi. Katika mwaka 2004 mahospitali ya Makueni na Kitui yalianza kupokea watu wenye macho ya manjano, wengi kupita desturi. Walipimwa virusi, na virusi havikuwa chanzo. Mpaka tarehe 20 Julai mwaka ule wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao wamekufa. Walio wengi walitoka Makueni, Kitui, Machakos na Thika.

Safari hii wachunguzi walifanya jambo lenye akili. Walichukua wagonjwa 40, na kwa kila mmoja wakatafuta watu wawili wa kijiji kile kile wasiougua, jumla 80, wakawauliza wote maswali yale yale na kuyapima mahindi yao. Kama wangewauliza wagonjwa peke yao, wangesikia kwamba wote hula ugali, na hilo halisaidii, kwa sababu kila mtu hula ugali. Tofauti ilionekana walipowekwa sambamba. Mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na sumu nyingi kuliko ya majirani wao. Walioweka mahindi yakiwa na unyevu, ndani ya nyumba ya kulala badala ya ghala, waliugua zaidi. Na wagonjwa walikutwa mara nyingi zaidi kuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, maana yake ini lililokwisha kudhoofishwa huangushwa upesi na sumu.

Mtu asiwacheke wale walioweka mahindi ndani. Kulikuwa na njaa, na mwenye njaa huogopa wezi. Walivuna mapema kabla mahindi hayajakauka, wakayaingiza chumbani wapate kulala karibu nayo. Walikuwa wakilinda uhai wa watoto wao. Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika habari hii, nami sioni kwamba mahubiri juu ya usafi yanatosha kulijibu. Mtu asiye na debe la pili hawezi kulitupa la kwanza. Mwaka ule serikali iliyachukua mahindi mabaya na kugawa chakula kingine, na huo ndio ulikuwa msaada wa kweli, ingawa kwa wengi ulichelewa.

Wala wakaaji wa mijini wasidhani kwamba jambo hili ni la wenye mashamba tu. Wachunguzi walinunua mahindi na unga katika masoko ya wilaya zile nne. Katika vipimo 350, zaidi ya nusu vilipita kiwango cha 20, na 7 katika kila 100 vilipita 1,000. Mahindi yana miguu. Yaliyovunwa kijijini leo huuzwa mjini wiki ijayo.

Sasa tuwatazame wenyeji wa Meru na Embu. Wilaya zetu zilikuwa katika Mkoa mmoja wa Mashariki pamoja na Machakos na Kitui, mpaka kaunti zilipoanza mwaka 2013. Aishiye juu mlimani, penye chai na kahawa, ana baridi, lakini pia ana ukungu na jua haba wakati wa kuanika. Aishiye chini, katika Tharaka na Mbeere, hutazamana na Ukambani ng'ambo ya mto, na ardhi yake na jua lake ni yale yale. Huko wazee walipanda mtama na mawele, mimea ivumiliayo kiu. Hindi hupenda maji. Likipata kiu wakati wa kuweka punje, hudhoofika, na ukungu huliingia likiwa bado shambani, kabla mkulima hajaligusa.

Tazameni na majira. Mahindi ya mvua za vuli huvunwa mwezi wa Februari na Machi, na kabla hayajakauka vema, mvua za masika zimekwisha kugonga mlango. Kule Machakos wagonjwa walianza kuonekana mwisho wa Machi; mwaka 2004 nao walijaa mahospitalini mwezi wa Mei. Kwa hiyo mganga wa zahanati aonaye manjano kati ya Machi na Juni, katika mwaka uliofuata ukame, anayo sababu ya kuuliza habari za ghala mapema kuliko wakati mwingine.

Tena, madhara ya sumu hii si ya ghafula peke yake. Mtu alaye kidogo kidogo kwa miaka mingi haoni manjano, lakini huongeza hatari ya kupata kansa ya ini, hasa akiwa ana virusi vya aina ya B. Ndiyo faida mojawapo ya chanjo ya homa ya ini aina ya B ambayo watoto wachanga wa Kenya wamekuwa wakipewa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watu wamechunguza pia kama sumu hii hudumaza watoto. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2018 ulifanywa papa hapa, katika Meru na Tharaka-Nithi: nyumba nyingine zilibadilishiwa mahindi mabaya kwa mazuri, na nyingine hazikubadilishiwa. Watoto wa nyumba zilizobadilishiwa walionekana kuwa warefu zaidi katikati ya uchunguzi, lakini mwishoni tofauti hiyo haikuonekana wazi. Basi jambo hilo halijakatwa, na si vema kulisema kana kwamba limekatwa.

Turudi wodini, tumwone mgonjwa mwenyewe. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii ikishaliingia ini. Hili husikitisha, lakini halina maana kwamba hospitali haina kazi. Ini lina nguvu ya kujijenga upya likipewa nafasi, na kazi ya madaktari na wauguzi ni kumweka mgonjwa hai mpaka nafasi hiyo ipatikane. Ini ndilo ghala la sukari ya mwili. Likishindwa, sukari hushuka, na mgonjwa huweza kuzimia usiku. Kwa hiyo hupimwa sukari mara kwa mara na kutiwa maji ya sukari katika mshipa. Ini ndilo lifanyalo vitu vya kugandisha damu; likishindwa, fizi na pua hutoka damu, na mgonjwa hupewa vitamini K, na akihitaji, damu. Kila siku daktari humwambia anyoshe mikono mbele na kuikunja viganja juu, kama mtu azuiaye gari. Mikono ikipigapiga kama mbawa za ndege, sumu za mwili zimeanza kufika ubongoni.

Na hapa jamaa wa mgonjwa ana kazi ambayo hakuna mashine iwezayo kuifanya. Yeye ndiye ajuaye mtu wake alivyo. Muuguzi akimkuta mama amelala saa nne asubuhi, hawezi kujua kama ni uchovu. Lakini binti yake ajua kwamba mama halali mchana kamwe, au kwamba jana alimwita kwa jina la dada yake aliyekufa. Neno hilo akimwambia muuguzi mara moja, laweza kugeuza matibabu ya siku ile. Akinyamaza kwa heshima, hakuna mwingine atakayelisema.

Kuna mambo mawili ambayo jamaa wasiyafiche. La kwanza ni dawa za miti shamba. Wengi huzificha wakiogopa kukaripiwa, na ni kweli kwamba wako watumishi wa hospitali wakaripiao. Wanafanya makosa, maana mgonjwa akaripiwaye leo, kesho atadanganya. Dawa nyingine za miti hulichoma ini, na daktari asipojua, atatafuta chanzo mahali kisipokuwapo. Hata vidonge vya maumivu vya dukani, paracetamol, vikimezwa kupita kiasi huliua ini, basi navyo vitajwe, ni vingapi na kwa siku ngapi. La pili ni pombe. Aulizwapo mgonjwa kama anakunywa, hasingiziwi uovu. Anatafutiwa chanzo cha ugonjwa.

Jambo jingine ni chakula kiletwacho kutoka nyumbani. Ni desturi yetu njema kumpelekea mgonjwa ugali au githeri, wala hatutaki desturi hiyo ife. Lakini fikirini: ikiwa mgonjwa amelazwa kwa sumu iliyo katika gunia la nyumbani, na mkewe asubuhi na mapema asonga ugali wa gunia lile lile na kuupeleka wodini kwa upendo, basi kila kijiko ni kumrudisha nyuma. Na watoto waliobaki nyumbani wanakula nini mchana huo? Daktari akimponya mgonjwa mmoja bila kuuliza habari za gunia, atawapokea ndugu zake wiki ifuatayo.

Kupika hakusaidii, maana joto la jiko haliiondoi sumu hii, hata githeri ichemke tangu alfajiri. Kukoboa mahindi, kama wafanyavyo Wakamba katika muthokoi, hupunguza sumu kwa sababu nyingi yake iko katika ganda, lakini hakuimalizi. Kuchagua punje nako husaidia: zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zilizogeuka rangi ndizo zenye sumu nyingi, na zisipewe kuku wala mbwa, wala zisipikiwe pombe. Lililo bora ni kukausha. Mahindi yasianikwe juu ya udongo mtupu bali juu ya turubai au jamvi, na yaingizwe ndani jua lituapo na mvua itishapo. Atakaye kujua kama yamekauka achukue chupa ya kioo iliyo kavu, atie punje kiasi na chumvi kavu, aitikise kwa dakika chache, kisha aiache itulie. Chumvi ikishika kioo, mahindi bado ni mabichi. Isiposhika, yaanikwe siku moja au mbili tena kwa usalama, kisha yawekwe juu ya mbao katika ghala lipitwalo na upepo, yasiguse sakafu wala ukuta. Iko pia dawa ya shambani iitwayo Aflasafe, iliyoruhusiwa katika Kenya mwaka 2015. Ndani yake mna ukungu wa jamii ile ile usiotoa sumu, nao hunyang'anya ule mbaya mahali pake. Hunyunyizwa kilo 4 kwa ekari, wiki 2 au 3 kabla mahindi hayajachanua, wakati udongo una unyevu. Maafisa wa kilimo wataweza kueleza inapopatikana na bei yake.

Na ikiwa msiba umekwisha kufika, na mtu wa nyumba yako ameonekana na manjano machoni, usingoje homa ipande, maana tumeona kwamba katika ugonjwa huu homa ni ndogo. Mpeleke siku hiyo hiyo. Kabla ya kutoka, chota konzi mbili za mahindi au unga mliokuwa mkila, uzitie katika mfuko wa karatasi, na si wa plastiki, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na ukungu ukazidi njiani. Andika juu yake ni ya shamba gani au yalinunuliwa soko gani, na siku gani. Andika na majina ya wote waliokula chungu kile, wazima na wagonjwa. Na kama kuku, njiwa au mbwa wamekufa siku hizo, lisemeni hilo pia, hata kama hamkuulizwa, na hata kama mfasiri anaonekana kuwa na haraka.